Mafuriko Hayana Tarehe

Mvua inayoamua chakula cha Kibiti hainyeshi Kibiti. Inanyesha Mbeya, Iringa, Njombe na Ulanga, mamia ya kilomita kutoka baharini, kisha inateremka kwa Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu hadi maji hayo yote yawe mto mmoja, Rufiji, unaopita Kibiti. Eneo zima linalolisha Rufiji lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ndiyo maana mkulima wa bondeni aliweza kuamka asubuhi ya Aprili, mbingu nyeupe, akakuta maji yameingia shambani usiku; na mwaka mwingine akanyeshewa wiki nzima huku mto haupandi hata shubiri. Chanzo cha riziki yake hakukiona kwa macho. Alichokuwa nacho ni ahadi aliyoirithi kwa wazee: maji yatakuja, aghalabu baada ya Februari, na yakiondoka yataacha udongo mpya. Siku yenyewe hakuna aliyetajiwa. Wageni wengi waliopita Rufiji wakiwa na madaftari yao waliitazama hali hii wakaona uvivu uliovaa kanzu. Mimi naisoma historia ya bonde hili kwa namna nyingine. Kumngoja Mungu kule Rufiji kulikuwa kazi yenye ufundi na akiba yake, na kulikaa salama maadamu hakuna mtu aliyejiweka katikati ya watu na ahadi akaishika saa mkononi mwake. Misiba mikubwa ya bonde, nje ya ile ya mto wenyewe, ilikuja kila alipotokea mtu wa namna hiyo: nabii, gavana, ofisa mipango, mhandisi.

Tuanze na shamba, kwa kuwa ndilo lenye ushahidi mwingi. Mwaka wa kilimo wa bondeni ulikuwa na misimu mitatu: vuli, masika na mlau. Mvua za vuli zikigusa ardhi mnamo Novemba na Desemba, watu walipanda mpunga katika udongo mzito wa bondeni, na mahindi pembeni palipoinuka kidogo. Kuanzia hapo mpunga ulikuwa katika mashindano. Ulitakiwa uwe umeshika mizizi na kuinuka vya kutosha kabla mto haujatoka kingoni, kwa maana mche mchanga ukifunikwa na maji siku nyingi unaoza, ilhali uliokwisha kurefuka unaweza kupanda pamoja na maji yakipanda polepole. Familia ilihamia shambani, ikakaa katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na pale juu ilipika, ililala na kufukuza ndege mchana, nguruwe na viboko usiku. Maji yalipoingia, chini ya dungu palipita mtumbwi. Mpunga ulivunwa kuanzia Juni hivi, na maji yalipoanza kurudi mtoni ndipo msimu wa mlau ulipofunguka. Watu waliyafuata maji kwa nyuma, hatua kwa hatua, wakipanda mahindi, kunde na maboga katika tope lililobaki, mstari mmoja leo, mwingine siku chache baadaye kadiri ukingo wa maji ulivyosogea. Mazao hayo hayakuhitaji tone la mvua. Yaliishi kwa unyevu uliolala chini ya udongo mpaka yakakomaa kiangazi, wakati jirani wa mlimani hana kitu shambani.

Kilimo cha mlau kilimvutia hata mtawala. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya Marsland kuhusu kilimo hicho, na tangu hapo watafiti hawajaacha kukirudia, hadi Kjell Havnevik wa Norway aliyekichambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1993. Linalojitokeza katika maandishi hayo, hata pale waandishi wake hawakulikusudia, ni kwamba mkulima wa Rufiji hakuweka tumaini lake katika siku moja wala zao moja. Mafuriko yakija mapema mno yakaua mpunga, yaliacha eneo pana zaidi la mlau, na yalijaza mabwawa ya pembeni, Zumbi, Ruwe, Uba na mengineyo, ambako perege na kambale walizaliana. Mafuriko yasipokuja, mpunga wa mvua na mahindi ya pembeni huenda yakasalimika, ingawa mlau ulikuwa haba na samaki wachache. Alichopoteza huku alikitafuta kule. Huyu ni mtu aliyekubali kwamba saa si yake, akapanga maisha yake ili saa yoyote itakayopigwa imkute ana mbegu mkononi. Mwalimu yeyote wa chuo huku pwani anakijua kisa cha bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia bila kumfunga kwa kuwa anamtegemea Mungu, akaelekezwa amfunge kwanza. Na kisa cha Nabii Yusufu, wanachokisoma Waislamu na Wakristo sawia, ni kisa cha maghala: ahadi ya Mungu ilitangulia miaka saba, na miaka hiyo saba watu walikuwa wakilima na kuweka akiba. Dungu la Rufiji linaingia katika elimu hiyo bila kulazimishwa.

Huenda mtu akasema nachagua ushahidi, kwamba kilimo kinamlazimisha mtu kufanya kazi hata kama hana imani yoyote. Basi tuteremke hadi kwenye mikoko, kwenye biashara ambayo kungoja kulikuwa sehemu yake ya kwanza. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi, yakaingia katika matawi ya delta ya Rufiji kukata na kupakia boriti, kisha yakangoja kusi iyarudishe kwao. Nyumba za Kuwait, mji usio na miti, ziliezekwa kwa boriti za huku. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri mwaka 1939 ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi hadi Rufiji, na simulizi yake, iliyotoka mwaka 1940, inaonesha delta kama mahali pa adhabu: mbu, mvua, tope la kufika mapajani, mabaharia wakiburuta magogo ya mkoko kutoka msituni hadi kwenye mashua na kutoka mashua hadi jahazini, wakifuata maji yanapojaa. Upepo wa kurudi ulikuwa bado. Kwa Mzungu aliyezoea ratiba za meli, ilikuwa miezi iliyopotea. Kwa nahodha ilikuwa miezi ya kupata shehena, kwa sababu jahazi tupu halina faida kusi ikivuma. Wakata boriti wa Salale na vijiji vingine vya delta walikuwa na hesabu hiyohiyo. Bamvua ndiyo iliyotoa magogo yaliyokwama ndani ya vijito, na asiyekuwa amekata na kupanga mzigo wake wakati wa maji mafu, bamvua ilimpita. (Vitabu vingi vya nje vinapoitaja Salale vinaharakia meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika matawi haya kuanzia Septemba 1914 hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Hiyo nayo ilikuwa ikingoja makaa. Haikuyapata, na delta ikaendelea na boriti zake.)

Hoja ngumu zaidi dhidi yangu haitoki mashambani wala baharini. Inatoka Ngarambe. Kabla ya Vita vya Maji Maji watu wa Rufiji na Umatumbi walikuwa na desturi ya kwenda kwa Bokero, mzimu wa mtoni, kuomba mvua na mavuno wakati wa ukame, wakipeleka nafaka, chumvi na fedha. Mnamo mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale, mkazi wa Ngarambe, alipandwa na pepo Hongo. Habari zilizokusanywa na wanahistoria katika miaka ya 1960 zinasema alizama katika dimbwi la mto, akatoka akiwa mkavu, na akaanza kuwapa watu maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika ambayo yangewalinda na risasi za Mjerumani. Watu walimiminika Ngarambe kwa makundi, kutoka Rufiji, Umatumbi, Kilwa na Ungindo. Na alichowaambia, juu ya yote, ni kungoja. Neno la vita lingetoka kwake. Miezi ikapita. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, waliochoka kulimishwa pamba na kuona neno haliji, waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali, na kwa kitendo hicho wakaanzisha vita. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Tarehe 30 mwezi huohuo wapiganaji walioamini maji walilivamia boma la Mahenge, wakavunwa na bunduki za rashasha. Vita na njaa iliyofuata viliua watu ambao makadirio ya wanahistoria yanafika laki 2 na nusu hadi laki 3.

Masimulizi haya husomwa kwa namna mbili, na zote mbili hazinitoshi. Ya kwanza inasema kosa lilikuwa haraka: laiti Nandete wangesubiri, kusini yote ingeinuka siku moja. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, katika tamthiliya yake Kinjeketile, aliuweka mvutano huu wa kusubiri na kutosubiri kuwa kiini cha mchezo, na alikuwa na haki, maana ndipo palipokuwa na moto. Lakini risasi haijui siku. Maji yaliyoshindwa Mahenge mwezi Agosti yangeshindwa mwezi Desemba. Namna ya pili inasema kosa lilikuwa imani yenyewe, na mwenye kumngoja Mungu siku zote atachinjwa na asiyengoja. Hiyo nayo haielezi kwa nini miezi ya Ngarambe ilizaa kitu ambacho Wajerumani hawakuwahi kukiona: watu wa makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja, wakipashana habari kwa minong'ono kijiji hadi kijiji, wakifunzwa mazoezi ya vita yaliyoitwa likinda, wakikubaliana juu ya adui mmoja. Hiyo ni kazi ya kungoja, na ilikuwa kazi kubwa. Kilichoharibika, kwa maoni yangu, ni mahali ahadi ilipowekwa. Mtu aliyekwenda kwa Bokero kuomba mvua alirudi shambani kwake na jembe lake. Mvua isipokuja alikuwa na mlau, na mlau usipokuwapo alikuwa na samaki. Mtu aliyerudi kutoka Ngarambe alikuwa na neno la mtu mmoja juu ya jambo moja, na jambo hilo halikuweza kujaribiwa isipokuwa mara moja, kwa kifua. Ahadi ya mto ilikuwa imejaribiwa vizazi kwa vizazi, na hata kushindwa kwake kulishahesabiwa ndani. Ya Ngarambe haikuwa na nafasi ya kushindwa.

Nisieleweke kuwa namshitaki Kinjikitile peke yake. Kabla yake gavana alikuwa ameshaishika saa. Mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, ulioanza mwaka 1902 na kushika kasi chini ya Gavana von Götzen, uliwatoa watu mashambani mwao kwa siku ambazo jumbe na akida walizipanga, kwa malipo kiduchu, mara nyingi wakati ambao mto ulikuwa unawaita kwingine. Na hapa historia inatupa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Pamba hiyohiyo, iliyowafanya watu waende vitani mwaka 1905, ilikuja kulimwa bondeni kwa hiari wakati wa Mwingereza, ikiwa zao la mlau: inapandwa maji yakirudi, kila mtu shambani kwake, inachumwa kiangazi. Kwa miongo kadhaa Rufiji iliuza pamba bila kiboko. Udongo ulikuwa uleule na jua lilelile, na watu wenyewe walikuwa wana na wajukuu wa waliong'oa miche. Tofauti ni kwamba safari hii pamba ilipewa nafasi ndani ya kalenda ya mto, na mkulima ndiye aliyeamua tope limefikia hali ya kupokea mbegu.

Kisha ukaja mwaka 1968. Mafuriko ya mwaka huo yalikuwa makubwa, na Serikali changa ya Tanzania, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, ilihitimisha kwamba watu hawawezi kuendelea kuishi mikononi mwa mto. Operesheni Rufiji, iliyotangulia Operesheni Vijiji ya nchi nzima kwa miaka kadhaa, iliwaondoa watu bondeni na kuwapandisha kwenye maeneo ya juu, kama Ikwiriri na Mkongo upande wa kaskazini. Waliahidiwa shule, zahanati, maji safi na kilimo kisichotegemea bahati. Mwenye kunipinga ana mengi ya kusema hapa, na lazima asikilizwe. Mafuriko si shairi. Yanaua watoto, yanabomoa nyumba, yanaacha kipindupindu na malaria. Hakuna mwalimu wa serikali atakayepanda mtumbwi kila asubuhi kufundisha katika madungu yaliyotawanyika, na mama mwenye uchungu wa uzazi usiku wa masika hana pa kukimbilia. Kumwambia mtu huyo kwamba kungoja kwake ni ufundi wa kale ni maneno ya mtu aliye pakavu. Nakubali yote hayo. Shule zilijengwa kweli, na watu wa leo wa Ikwiriri na Kibiti wengi wasingependa kurudishwa kule chini.

Ila tazama walichofanya watu wenyewe baada ya kuhamishwa, kwa sababu matendo yao ni hoja nzito kuliko yangu. Udongo wa juu ni mchanga mchovu, haukuweza kuwalisha. Basi walishuka. Nyumba ya kijijini ilibaki ya kuandikishwa, na shamba likabaki kule kwenye tope, saa kadhaa kwa miguu. Walijenga tena madungu wakakaa humo miezi ya mpunga na ya mlau, watoto nao wakakosa masomo, shule ile waliyohamishiwa ikiwa mbali nao kama zamani. Waliokuwa na nguvu chache, wazee na wajane, walilima karibu na kijiji wakavuna kidogo. Pamba ikadidimia katika miaka ya 1970. Mafuriko mengine makubwa yalikuja mwaka 1974, na waliosimamia mpango walisema si mnaona. Wakulima walitazama tope lililobaki wakashuka kupanda. Serikali ilikuwa na haki kuhusu hatari. Ilikosea pale ilipodhani kwamba watu walikuwa bondeni kwa kukosa mtu wa kuwaokoa. Walikuwa pale kwa hesabu waliyoifanya, ambayo hatari ilikuwa imeshaandikwa upande wake, na hakuna ofisa aliyewaomba wamwoneshe hesabu hiyo.

Hata hivyo subira ina mpaka wake, na watu wa Kibiti waliujua mpaka huo kuliko mahubiri mengi yanavyokiri. Si kila kungoja ni kumngoja Mungu. Kwa miongo mingi msafiri wa Lindi na Mtwara alikwama Ndundu, alipotakiwa kuvuka Rufiji. Kivuko kilikuwa kidogo, mto ukifurika hakikuvuka, na barabara ya udongo ilikatika pande zote mbili. Mabasi na malori yalipanga foleni, abiria wakalala chini ya magari, mama lishe wakauza wali na samaki kwa watu walioishiwa nauli. Hakuna ahadi yoyote ya Mungu iliyokuwa ikitimia pale. Palikuwa na daraja ambalo halijajengwa, na lilipozinduliwa mwaka 2003 kwa jina la Rais Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilomita moja, foleni ilikwisha siku hiyohiyo. Vivyo hivyo katika delta mwishoni mwa miaka ya 1990, mwekezaji alipokuja na mpango wa mabwawa ya kufuga kamba katika maelfu ya hekta za mikoko na mashamba, na Serikali ikauridhia, watu wa delta hawakukaa kusema Mungu atajalia. Waliunda umoja, waandishi wa habari na wanasheria wa mazingira wakasimama nao, wakaenda mahakamani, na mpango ule ukafa. Watu walewale waliongoja mafuriko bila manung'uniko hawakukubali kumngoja mwekezaji. Anayedai kwamba imani ya kungoja inawafanya watu kuwa kondoo itabidi alieleze hilo.

Sasa saa yenyewe imehamia mahali pengine. Korongo la Stiegler linabeba jina la mhandisi anayesemekana kuuawa na tembo mwaka 1907 akiwa katika kazi ya upimaji, na tangu hapo bwawa la umeme katika korongo hilo limekuwa ahadi ya muda mrefu kuliko zote bondeni: lilitajwa katika uchunguzi wa FAO uliotoka mwaka 1961, likaundiwa mamlaka ya maendeleo ya bonde, RUBADA, kwa sheria ya mwaka 1975, likachorwa na wataalamu wa Norway, likalala. Mkataba wa ujenzi na kampuni za Misri ulisainiwa Desemba 2018. Tarehe 22 Desemba 2022 bwawa hilo, kwa jina la Julius Nyerere, likaanza kujazwa maji, na Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme kati ya megawati 2,115 zilizokusudiwa. Miezi miwili baadaye, Aprili 2024, mvua za El Niño zilipojaza bwawa na maji yakaachiwa, Rufiji na Kibiti zilifurika vibaya. Nyumba zilizama, mashamba yalikwenda, watu wakahamishiwa kambini. Serikali ilieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Inawezekana kabisa, kwani maji yale yangeshuka hata hivyo. Lakini malalamiko ya wakulima yalikuwa mapya katika historia ya bonde. Mwaka 1968 hakuna aliyeuliza nani amefungua.

Wapo wanaosema bwawa limeimaliza habari ya kumngoja Mungu Rufiji, kwamba kilichokuwa dua sasa ni swichi. Sioni hivyo, mvua ya Ulanga na Mbeya bado haina mwenyewe, na mhandisi aliye juu ya ukuta naye anaingoja kama alivyoingoja mwenye dungu. Kilichobadilika ni kwamba baina ya mvua hiyo na mpunga wa bondeni amekaa mtu, na mtu ana wajibu ambao mto haukuwa nao. Maji yakiachiwa Desemba mche ukiwa mchanga, mpunga unaoza. Yakizuiliwa mwaka mzima ili mitambo izunguke, hakuna mlau, mabwawa ya samaki yanakauka, maji ya chumvi yanapanda katika mashamba ya delta, na tope lenye rutuba linabaki limelala nyuma ya zege. Mkulima hana ubishi na Mungu juu ya tarehe, hajawahi kuwa nao. Anachostahili kutoka kwa wenye funguo ni vitu vya kawaida vya ofisi: ratiba inayojua msimu wa mpunga na msimu wa mlau, kiasi cha maji kilichotangazwa mapema, na ujumbe unaomfikia mwenyekiti wa kijiji siku kadhaa kabla ya maji, mkulima akiwa bado na muda wa kushusha magunia kutoka dunguni na kuyapakia kwenye mtumbwi.